Kompyuta kuukuu bado ina kazi: weka fedha pale inapokwama

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua Julai 2015. Kwa mwenye kompyuta mpya hiyo ilikuwa habari ya kupita. Kwa mwenye steshenari ya mtaani anayechapa barua, kutoa nakala na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kwa shule ya kata yenye kompyuta chache za msaada, na kwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo anayefanya kazi kwa mashine ya mwaka 2012, lilikuwa ni swali la fedha: ninunue nyingine, au hii inaweza kuendelea?

Dukani jibu huwa tayari: nunua nyingine. Naandika makala haya kwa sababu jibu hilo, kwa watu wengi, si sahihi. Kompyuta nyingi za mezani zinazosemwa kuwa zimechoka hazijachoka. Zina kifaa kimoja au viwili vinavyozirudisha nyuma, na vifaa hivyo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko bei ya mashine nyingine. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, fedha ikiwekwa mahali pasipokwama hupotea, na mashine hubaki nzito vilevile. Mpangilio wa matumizi ndio unaotofautisha kompyuta iliyofufuka na kompyuta iliyomla mwenyewe.

Zilikotoka mashine hizi

Ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli na mitaa jirani jijini Nairobi, utakutana na majina yaleyale: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Hizi ni mashine za ofisi. Kampuni na taasisi za Ulaya na Marekani huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka michache, kisha huziuza zikiwa bado nzima. Wafanyabiashara huzikusanya na kuzileta kwetu kwa makontena.

Asili hiyo ina baraka zake. Mashine ya ofisi imejengwa ili fundi aifungue haraka. Nyingi hufunguliwa hata bila bisibisi. Vipuri vyake vipo tele kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, na miongozo yake ya ufundi hupatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji. Ina kasoro pia. Baadhi ya Dell na HP zina pawa saplai yenye umbo na soketi za kampuni husika peke yake, hivyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii. Kasha dogo nalo lina nafasi finyu ya kuongeza vitu.

Umri wa mashine husomeka kwenye jina la prosesa. Kwa Intel Core, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi. Core i5-2400 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. Core i5-3470 ni cha tatu, ya 2012. Core i5-4570 ni cha nne, ya 2013. Core i5-6500 ni cha sita, ya 2015. Core i5-8500 ni cha nane, ya 2018. Kukiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, mbili za mwanzo ndizo kizazi: hiyo ni ya kizazi cha kumi. Andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na modeli iliyobandikwa kwenye kasha. Ukiwa na vitu hivyo viwili, muuzaji hana nafasi ya kukukisia.

Pima kabla ya kununua

Kosa linalogharimu watu zaidi ni kununua kwa kubahatisha. Mtu anaambiwa aongeze RAM, anaongeza, na kompyuta inaendelea kuchukua dakika tano kuwaka, kwa kuwa tatizo lilikuwa diski. Windows ina kipimo cha bure ambacho wengi hawajawahi kukifungua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalotokea linaonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, RAM na diski zinavyotumika. Fanya kazi zako za kila siku huku ukilitazama: fungua kivinjari, faili la hesabu, programu ya kuchapia, na hati ya PDF ya kutuma.

Usomaji wake ni rahisi. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 muda mrefu huku prosesa ikiwa imetulia, kinachokwamisha ni diski. RAM ikipita asilimia 85 au 90 kila unapofanya kazi ya kawaida, haitoshi. Prosesa ikigonga 100 kwa kazi nyepesi, ama imezidiwa au kuna programu inayoila, hata kirusi. Vyote vitatu vikiwa chini na kurasa bado zinafunguka polepole, lawama ni ya intaneti, na hakuna kifaa utakachochomeka ndani ya kasha kikaongeza kasi ya bando.

Kabla ya kutoa shilingi, maliza pia kazi zisizo na gharama. Katika dirisha hilohilo kuna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapoanza, zima usizozihitaji. Ng'oa waya wa umeme, fungua kasha, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini ushuke, kisha safisha vumbi kwa brashi laini na kwa hewa, hasa kwenye feni na mapezi ya chuma juu ya prosesa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye mashine huona uzito bila kujua sababu. Ikiwa haijafunguliwa kwa miaka mingi, dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoozeo imekauka. Kuipaka upya ni gharama ndogo mno. Ukanda wa pwani una adui mwingine, hewa ya chumvi. Meno ya RAM hushika utandu, na mafundi wetu huyasugua kwa kifutio cha penseli, kisha huyapangusa na kuirudisha RAM mahali pake. Mashine nyingi zilizogoma kuwaka zimepona kwa njia hiyo.

Kuna pia betri ndogo yenye umbo la sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya ubao mama. Ikifa, kompyuta huamka kila asubuhi ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe. Wako wanaodhani kompyuta imeharibika au intaneti imekatwa, kumbe betri ya kununuliwa duka la jirani ndiyo iliyoisha.

SSD: shilingi ya kwanza iende hapa

Kwa mashine ambayo bado ina diski ya kuzunguka, hakuna badiliko lolote linalokaribia faida ya SSD. Sababu yake inaeleweka vizuri ukijua diski inavyofanya kazi. Ndani ya diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea husogea hadi kwenye mstari unaohitajika, kisha husubiri sahani ilete data chini yake. Kusubiri huko peke yake huchukua wastani wa milisekunde 4 na kidogo. Ukijumlisha na kusogea kwa kichwa, safari moja hufika milisekunde kumi na ushei. Maana yake ni kwamba diski hufanya safari kama mia moja tu kwa sekunde. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika kila pembe ya sahani. Hapo ndipo dakika zako zinapoishia.

SSD haina kitu kinachozunguka. Data imehifadhiwa kwenye chipu, na kuifikia huchukua sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa huwa tayari kwa kazi chini ya dakika moja, mara nyingi ndani ya nusu dakika. Usiwe na hofu kwamba mashine yako ni ya zamani mno. Hata ubao mama wenye kiunganishi cha SATA cha kizazi cha pili unaweza kupitisha karibu megabaiti 300 kwa sekunde, wakati diski nyingi za kuzunguka za umri huo hutoa kati ya 100 na 150. Faida kubwa zaidi iko kwenye yale mafaili madogo, ambayo hayategemei sana upana wa njia.

SSD ya gigabaiti 240 au 256 yatosha kwa Windows, programu za ofisi na kazi za sasa. Diski ya zamani, ikiwa bado nzima, ibaki ndani ya kasha kama ghala la picha, video na kumbukumbu za miaka iliyopita. Ukiwa na kebo ya SATA, soketi ya umeme iliyo wazi na kishikizo cha kuibana SSD ya inchi 2.5 kwenye nafasi ya inchi 3.5, umekamilika. Kasha likikosa kishikizo usiache kazi. Kwa kuwa SSD haina sehemu inayotembea, kuifunga mahali pakavu isichezecheze kwatosha.

Mitego miwili iepukwe. Wa kwanza ni kununua SSD nyembamba aina ya NVMe kwa kuwa muuzaji amesema ina kasi zaidi. Ni kweli ina kasi, lakini mashine nyingi za kizazi cha pili na cha tatu hazina tundu lake, na hata ukitumia adapta, BIOS zake, yaani programu za ndani zinazoamsha kompyuta, kwa kawaida haziwezi kuwasha mfumo kutoka humo. Kwa mashine hizo nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Mtego wa pili ni kusahau mipangilio: ingia kwenye BIOS uhakikishe diski ziko kwenye hali ya AHCI, si IDE, kabla ya kusimika mfumo.

Lakini kabla ya yote, nakili mafaili yako mahali pengine. Diski ya miaka kumi inaweza kufia mikononi mwa fundi, na hatia isiwe yake. Baada ya hapo una njia mbili. Unaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo kwa programu ya bure ya Clonezilla, au ukasimika mfumo upya. Kwa mashine iliyojaa takataka za miaka mingi, kusimika upya ni bora. Leseni ya kidijitali ya Windows hufungamana na ubao mama, kwa hiyo kubadilisha diski hakuipotezi.

RAM: ijue aina kabla ya ujazo

Fundi cherehani mwenye meza ndogo hulazimika kushusha vitambaa chini na kuviokota tena kila anapobadili nguo anayoshona. Kompyuta yenye RAM ndogo hufanya hivyo hivyo: hushusha kazi kwenye diski na kuzipandisha tena. Gigabaiti 4, ambazo mwaka 2012 zilikuwa za kujivunia, leo humezwa na Windows pamoja na kurasa chache za kivinjari. Gigabaiti 8 zinatosha kwa kuchapa, hesabu, barua pepe, mikutano ya video na maombi ya mtandaoni. Gigabaiti 16 ni za anayehariri picha, kuchora ramani za majengo au kutengeneza mabango. Zaidi ya hapo, kwa mashine ya umri huu, fedha ina kazi nyingine ya kufanya.

Mashine za kizazi cha pili hadi cha nne hutumia DDR3. Nyingi za kizazi cha sita na kuendelea hutumia DDR4, ingawa baadhi ya zile za kizazi cha sita bado zilitumia DDR3L. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo lao haliko mahali pamoja. Haziingiliani, na kulazimisha ni kuvunja tundu. Kompyuta ndogo kabisa, zile za ukubwa wa kitabu, huchukua RAM fupi ya laptop. Fungua kasha usome lebo ya RAM iliyomo, au nenda nayo dukani.

Kwenye lebo kuna herufi inayookoa fedha za watu. RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani huandikwa, kwa mfano, PC3-12800U. Ikiishia na R, kama PC3L-12800R, hiyo imetoka kwenye seva, na kwenye kompyuta ya kawaida haitafanya kazi hata ikiingia tunduni. Huuzwa kwa bei ya kutupa, na wengi wamenaswa. Zipo pia RAM za DDR3 za gigabaiti 8 za bei nafuu zinazokubali ubao mama wa AMD pekee. Muuzaji asipoweza kukuhakikishia zinafanya kazi na Intel, ziache.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, weka mbili zenye ujazo sawa badala ya moja kubwa. Gigabaiti 4 mbili hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na picha inayotegemea RAM ya mashine hunufaika zaidi. Zikitofautiana kasi, zote hufuata iliyo ya polepole, hakuna madhara. Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64. Ile ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kweli huishia tatu na kitu. Kuna shule zilizoongezewa RAM hadi 8 na hazikuona tofauti yoyote kwa sababu hiyo peke yake.

Suala la bei limebadilika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM mpya zimepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Kwa mwenye mashine ya DDR3, soko la mtumba linabaki kuwa kimbilio. RAM ni kifaa kinachodumu. Iliyofaulu majaribio haina sababu ya kuogopwa kwa kuwa imetumika.

Prosesa na kadi ya picha: hapa tulia

Baada ya SSD na RAM, watu wengi hawahitaji kwenda mbele zaidi. Kubadili prosesa kuna maana katika hali moja hasa: mashine yenye Pentium au Core i3 ya viini viwili, ambayo ubao wake unakubali Core i5 ya viini vinne. Ubao wenye soketi ya LGA 1155, kwa mfano, ni wa kizazi cha pili na cha tatu. Mwenye Pentium anaweza kuhamia i5-3470 au i7-3770 iliyotumika. Soma kwanza orodha ya prosesa zinazokubaliwa na modeli yako, kwani kufanana kwa soketi hakutoshi. Ubao wa kizazi cha sita na prosesa ya kizazi cha nane zote huitwa LGA 1151, na hazipatani. Wakati mwingine BIOS inahitaji kusasishwa kwanza, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa. Ifanye ukiwa na UPS, kifaa cha betri kinachoendeleza umeme unapokatika.

Kadi ya picha haimsaidii mwenye steshenari wala mwalimu. Kwa mwanafunzi wa usanifu au kijana anayehariri video, tafuta inayoishi kwa umeme wa tundu lenyewe bila waya wa ziada, kama GT 1030 inayotumia wati 30, au GTX 1050 Ti ya wati 75. Pima urefu na kimo cha kasha lako: mashine nyembamba zinahitaji kadi fupi za kimo cha nusu. Pawa saplai nyingi za OptiPlex za aina hiyo hazizidi wati 290. Kadi kubwa za michezo si za kwao.

Windows 11, au njia nyingine?

Windows 11 rasmi inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64. Mashine za 2011 hadi 2017 nyingi hazifikii. Zipo mbinu za kuilazimisha, na mafundi wanazijua, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Toleo la 24H2 liliacha kabisa kuwaka kwenye prosesa za zamani kama Core 2 Duo. Sishauri kumjengea mtu ofisi juu ya msingi huo.

Kwa mtu binafsi mwenye Windows 10, Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayeingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Ni muda wa kujipanga. Kompyuta isiyopata masasisho inaweza kuchapa barua na kutoa nakala ikiwa nje ya mtandao kwa miaka mingi. Isitumike kwa benki, wala kwa nywila za wateja.

Njia ya kudumu ni Linux. Linux Mint 22, iliyotoka 2024, inapewa masasisho hadi 2029, haidai leseni, na inatosheka na RAM ya gigabaiti 4. Ina kivinjari, na ina LibreOffice inayofungua na kuhifadhi hati za Word na Excel. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski: kagua kama printa yako inakubali, kama intaneti inashika, kama hati zako zinafunguka zilivyo. Anayetegemea Photoshop au programu ya uhasibu ya Windows pekee abaki alipo au atafute mashine ya kizazi cha nane. Kwa shule nyingi na steshenari nyingi, kazi zao zote ziko kwenye kivinjari na kwenye hati. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili.

Anayebaki na Windows na kutumia bando la simu aiambie, katika mipangilio ya mtandao, kuwa muunganisho wake ni wa kupimwa. Masasisho mengi makubwa hayatajishusha yenyewe, naye atayashusha usiku bando linapokuwa nafuu.

Umeme usisahaulike

Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi imepotea, na diski inaweza kuharibika. UPS ni sehemu ya kompyuta hapa kwetu. Habari njema ni kwamba UPS nyingi ndogo zinazotupwa zimekufa betri tu. Betri hiyo kwa kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7, ileile inayotumika kwenye vifaa vya kengele za ulinzi, na hubadilishwa kwa bisibisi.

Kuhusu uniti za umeme wa LUKU, mashine ya ofisi yenye kutumia wati 60 kwa saa nane hula karibu nusu uniti kwa siku, bila kioo. Kioo cha kizamani cha bomba kinaweza kula zaidi ya kompyuta yenyewe. Hicho ndicho cha kuondoa mapema. Pawa saplai ikitoa harufu ya kuungua, au ukiona kapasita zilizovimba vichwa kwenye ubao mama, acha kutumia fedha kwenye mashine hiyo. Wala usifungue pawa saplai mwenyewe. Hutunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

Dukani: usilipe kabla ya kujaribu

Cha rahisi ni ghali, na soko la flashi, SSD na RAM lina bandia nyingi. Dai risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana. SSD iliyotumika ichomekwe hapo hapo na ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya yake kwa asilimia na saa ilizofanya kazi. SSD au flashi mpya yenye ujazo mkubwa kwa bei ya kushangaza ijaribiwe kwa H2testw, ambayo huijaza na kuisoma tena. Bandia hujulikana kwa kuwa hupoteza data baada ya ujazo wake wa kweli. RAM ijaribiwe kwa MemTest86 hadi imalize mzunguko mzima bila kosa hata moja. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Fundi naye umlipe haki yake ya kazi, ukimwomba vipuri vya zamani akurudishie mkononi.

Mpaka wa kutumia

Kanuni yangu ni hii: gharama yote ya vipuri isizidi nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane iliyo katika hali nzuri. Ikizidi, weka akiba ununue hiyo, kwa kuwa itakuja na Windows 11 na miaka mingine ya kazi, na SSD yako itahamia humo. Mashine ya kizazi cha pili hadi cha saba yenye ubao mzima, ikipewa SSD na RAM ya gigabaiti 8, karibu kila mara itabaki chini ya mpaka huo. Mashine ya Core 2 Duo au ya zamani zaidi iachwe ipumzike.

Na ikipumzika, isitupwe jalalani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilihesabu tani milioni 62 za taka hizo duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Afrika haikufika hata asilimia moja. Kila mwaka tunaoiongezea kompyuta nzima ni mwaka mmoja ambao risasi na plastiki yake haziungui kwenye moshi wa jalala lililo karibu na nyumba ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, wenye steshenari, viongozi wa vikundi na wazazi: kabla hamjaidhinisha fedha za kompyuta nyingine, chukueni moja ya zile zilizorundikwa stoo. Isafisheni, ipeni SSD moja na RAM ya kutosha, itumieni wiki nzima kwa kazi halisi. Ikiwaridhisha, fanyeni hivyo kwa zilizobaki, na fedha iliyookolewa inunulie UPS, karatasi, au kompyuta nyingine ambayo mwanafunzi mmoja zaidi ataketi mbele yake.